Mawe katika Pindo

Kalunde binti Msanja aliingia nchi ya Tuama siku ya Jumatatu, kwa barua ya mwaliko yenye muhuri mkubwa kama kisahani, na kitu cha kwanza alichoulizwa mpakani hakikuwa pasi wala cheti cha chanjo. Aliulizwa umri wa mtoto.

Alijibu kwamba Nyamizi ana miaka minane. Ofisa akataka kuandika, akakosa kalamu, akaitafuta mezani, mfukoni na chini ya kiti, akaja kuipata nyuma ya sikio lake mwenyewe. Muda wote huo mguu wake ulitikisika chini ya meza hata wino ukacheza chupani. Kisha akasoma sheria haraka haraka, akiruka mistari: mtoto yeyote aliyevuka miaka sita, awe wa nchi au wa mgeni, akilala Tuama usiku wa tano, asubuhi yake atakalishwa Kitini. Kalunde alipofungua mdomo kuuliza hicho Kiti ni kitu gani, ofisa alimjibu kabla swali halijamtoka. Alimwambia atakijua.

Kalunde hakujali sana. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku tatu. Yeye ni fundi mizani, ufundi aliourithi kwa baba yake kule Urambo, na miguu yake ilikwisha kukanyaga masoko mengi akirekebisha mizani za wauza mchele, wauza misumari na wauza tumbaku. Barua ilisema kwamba mizani za soko kuu la Tuama zimeshindwa kazi zote kwa pamoja, na ikampa ruhusa ya kukagua "vipimo vyote vya nchi". Alimchukua binti yake kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na kusema kweli, kwa sababu hakuna jirani aliyekuwa na nguvu za kubaki naye. Nyamizi alikuwa mtoto wa kushika. Kila kitu lazima akiguse, akigeuze, akigonge, ndipo aulize maswali matatu kwa mpigo na kuondoka kabla ya jibu la kwanza.

Niseme mapema, mtu asije akanielewa vibaya: Kalunde hakuwa mpinzani wa vipimo. Angekuwaje, na ndivyo vilivyomlisha? Mtoto wa dada yake alikuwa na shida ya kutulia iliyomtesa mwenyewe kuliko ilivyowatesa walimu, akapelekwa kwa daktari mpole aliyetumia wiki tatu akicheza naye, akizungumza na mama yake, akienda shuleni kumtazama, ndipo akasema shida ni hii na tutamsaidia hivi. Na alisaidiwa, sasa hivi anasoma vizuri tu. Kwa hiyo Kalunde aliposikia kwamba Tuama hupima watoto, aliona ni nchi inayojali.

Ilikuwa nchi safi mno. Madirisha ya shule yaliwekwa juu karibu na paa ili mtoto asione nje. Viota vya ndege viliondolewa kwenye miti ya njiani. Barabarani zilichorwa nyayo nyeupe, na watoto walipita wakikanyaga nyayo hizo moja baada ya nyingine, kimya, huku midomo yao ikihesabu. Wakubwa ndio waliokuwa wakihangaika. Walikatizana maneno, walianza jambo wakaliacha, waliinuka katikati ya mazungumzo wakasahau walikuwa wanaenda wapi. Mji mzima ulijaa vikombe vya chai vilivyonywewa nusu, kwenye kingo za madirisha, juu ya kuta, hata juu ya makaburi. Kalunde aliuliza kama wakubwa nao hupimwa. Wakamcheka, wakasema wakubwa wana shughuli nyingi, na mtu mwenye shughuli hawezi kuitwa mgonjwa.

Walipangiwa kukaa kwa Bi Upole, mshonaji wa serikali, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini aliyekuwa na binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, Tausi. Nyamizi alimwamkia mwenye nyumba, akamkimbilia Tausi kumwonyesha kifuko chake cha mbegu. Tausi alizitazama mbegu. Akamtazama Nyamizi. Akarudisha macho ukutani, palipotundikwa picha ya mtoto aliyefunikwa blanketi hadi kidevuni, kichwa kimelala begani, macho nusu wazi. Picha ile ile Kalunde alikwisha kuiona mpakani, sokoni na getini pa shule.

Bi Upole alieleza kwa heshima kwamba huyo ndiye Mtulivu. Zamani, Tuama ilipokuwa nchi ya vurugu, walikalishwa watoto arobaini ili ijulikane mtoto mzima anapaswa kutulia kiasi gani. Thelathini na tisa walichezacheza. Mmoja alikaa tangu asubuhi mtungi wa maji ulipoanza kudondoka hadi ulipokauka, na muda wote huo alisogea mara sita tu. Tangu siku hiyo sita ndiyo kikomo. Anayezidi sita ana ugonjwa wa mchecheto.

"Mama, huyu mtoto anaumwa," Nyamizi alisema, akiwa amepanda kiti kuitazama picha kwa karibu. "Tazama midomo yake."

Bi Upole alimziba mdomo kwa kiganja, upesi, kisha akaomba radhi. Hapo ndipo Kalunde alipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Kesho yake alikwenda sokoni. Mizani zilikuwa nzima, zingine mpya kabisa. Kilichokosekana ni mawe. Katika soko zima hapakuwa na jiwe hata moja la mizani, si la kilo, si la robo, si la gramu hamsini, na wauzaji walipima kwa macho na kwa viapo. Alipouliza mawe yalikwenda wapi, kila mmoja alimwelekeza kwa mwingine, na wa mwisho aliondoka katikati ya jibu. Idara ya Masoko ilikuwa imeandika barua kumi na nne kuyatafuta. Sasa fundi mizani bila mawe ni sawa na mpishi bila moto, na siku zikaanza kumponyoka.

Jumatano mchana aliyaona. Alikuwa uani kwa Bi Upole na upepo ulikuwa mkali. Kanga na mashuka yalipepea kwenye kamba, lakini gauni la Tausi lilining'inia wima bila kutikisika. Alilishika pindo. Lilikuwa zito. Alipapasa kwa vidole vilivyokuwa vimeshika chuma maisha yake yote, na hakuhitaji kufungua mshono kujua ni gramu mia, mia, hamsini, mia, yamepangwa mfululizo kuzunguka gauni zima, na nembo ya soko ikihisika juu ya kitambaa.

Bi Upole hakuficha, maana kwao haikuwa siri. Tausi alipotimiza miaka saba alikalishwa Kitini, akapata kumi na moja. Akapelekwa Nyumba ya Kutuamia kwa masika nzima. Aliporudi alivishwa gauni la mawe, kama wanavyovishwa wote, ili mwili usisahau ulichofundishwa. Idara ya Watoto huleta mawe kwa magunia na Bi Upole hushona. Yeye ndiye aliyeshona magauni na kaptura za mtaa mzima.

"Hata hili?" Kalunde aliuliza.

"Ningempa nani amshonee mwanangu?" Bi Upole alisema. "Nilishona kwa uzi mara mbili, mishono midogo, ili isimkwaruze. Kabla ya hapo alikuwa anapanda juu ya paa, dada. Alikuwa anaimba chooni. Wakaniletea karatasi ya maswali. Je, huacha kiti anapotakiwa kukaa? Je, husema kupita kiasi? Je, hupoteza vitu? Nami sikulelewa kusema uongo. Niliandika ndiyo, ndiyo, ndiyo."

Alisema hayo akikunja nguo, akaikunjua, akaikunja tena. Tausi alikuwa amekaa mlangoni, mikono magotini, akisubiri kuambiwa aingie ndani. Kalunde alimwita Nyamizi, akamkalisha juu ya kigoda, akamwambia akae bila kujitikisa mpaka atakapohesabu mia. Alipofika tisa mtoto alikuwa amejikuna, amegeuka kumtazama kuku, ameuliza kwa nini kuku hana masikio. Kalunde alimfokea kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwake. Nyamizi alilia, na kulia kulihesabiwa pia, maana mama mtu alijikuta anahesabu. Aliona haya, akamkumbatia.

Alhamisi aliitwa Barazani kueleza habari ya mizani. Alikaa kwenye benchi la wageni asubuhi nzima akisubiri zamu yake, kwa kuwa wajumbe walikuwa na hoja nzito mbele yao: mtoto akimtazama inzi darasani, je, ameshindwa kuzingatia ubao, au amezingatia inzi? Upande mmoja ulisema mtoto aliyemfuata inzi kwa dakika nzima ana uwezo mkubwa wa kuzingatia na asihukumiwe. Upande wa pili ukajibu kwamba kuzingatia kitu ambacho serikali haikukuweka mbele yako ndiko kutozingatia kwenyewe. Mjumbe mmoja alilala. Wawili walitoka kunywa chai na hawakurudi. Mwenyekiti alibadilisha mada mara tatu bila kujua. Mwishowe waliamua kwamba inzi ahesabiwe nusu.

Zamu ya Kalunde ilipofika alisema mawe ya mizani hayakupotea, yako kwenye mapindo ya watoto. Baraza lilimshukuru. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba barua ilimwita kukagua mizani, haikumwita kutafuta mawe, na kwamba Idara ya Masoko na Idara ya Watoto ziko majengo tofauti. Jambo likafungwa. Kwa kuwa alionekana mtu wa kazi, wakampa heshima ya kwenda kuona Kiti.

Kilikuwa chumba cheupe chenye baridi. Katikati palikuwa na kiti cha mti chenye njuga miguuni, mbele yake ukuta mtupu, na pembeni mtungi wa maji uliotobolewa chini, ukidondoka tone kwa tone ndani ya beseni. Wapimaji watatu walikaa nyuma ya meza. Akaletwa binti wa muuza mkaa, mtoto wa miaka saba aliyefungwa utepe mweupe kichwani kwa ajili ya siku hiyo. Walimkalisha. Hawakumwambia chochote, kwa sababu kumwambia mtoto asiogope huharibu kipimo.

Njuga zililia mara moja, kisha mara ya pili. Mtoto alikaza meno. Macho yake yalimtafuta mama yake, na mama hakuwepo, alikuwa amewekwa nje. Kalunde aliyaona magoti yale madogo yakigongana na akatamani kuyashika. Maji yalipofika nusu ya mtungi, njuga zikiwa zimelia mara tano, mtoto alijikojolea. Yalimwagika taratibu kwenye kiti na kudondoka sakafuni, na wapimaji walianza kunong'onezana kama hilo lihesabiwe mwendo mmoja au miwili, maana lilianza, likakatika, likaendelea. Mmoja alisema miwili. Wakaandika miwili. Na hiyo ikawa ya saba.

Kalunde alitoka mle ndani. Kilichomtisha zaidi ni kwamba hakuona mtu katili. Wapimaji walikuwa watu wa kawaida, mmoja wao alimpa mtoto leso ajifute. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Upole, akafunga mizigo, akamshika Nyamizi mkono mpaka mpakani. Ofisa yule yule akaisoma barua yake, akaigeuza, akatikisa kichwa. Haikuwa na muhuri wa kutokea. Kazi haijaisha. Anayegonga muhuri ni Mpimaji Mkuu, Bwana Sihaba, na Bwana Sihaba hapokei watu Alhamisi. Huo ulikuwa usiku wa nne.

Sasa woga ukimfika mtu shingoni, ama humwangusha ama humrudisha kwenye anachokijua. Kalunde alirudi kwenye ufundi. Fundi mizani haulizi jiwe lina uzito gani. Huuliza jiwe hilo lilipimwa kwa jiwe gani, na hilo lingine kwa lipi, mpaka afike kwenye lile la kwanza kabisa. Na barua yake ilisema vipimo vyote vya nchi. Ijumaa asubuhi alikwenda kwenye jumba la kumbukumbu, akaiweka barua mezani, akaomba kitabu cha siku ile waliyokalishwa watoto arobaini. Karani aliisoma mara mbili, akatafuta sababu ya kukataa, akakatizwa na jambo lingine, akampa ufunguo.

Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko mzuri na uaminifu mkubwa. Watoto thelathini na tisa, kila mmoja na mistari yake: huyu alicheka, huyu aliuliza maji yanakwenda wapi, huyu alitaka kumsaidia mwenzake aliyeanguka. Kisha wa arobaini. Kalunde alisoma akifuata kwa kidole. Mtoto aliletwa akiwa amebebwa. Mwezi ni wa jua kali, lakini aliomba blanketi. Hakuomba maji wala chakula. Alipoitwa jina aliitika mara ya tatu. Alisogea mara sita, zote ni kutetemeka. Alirudishwa kwao amebebwa. Kipimo cha utulivu kimepatikana, sifa kwa nchi yetu. Na chini ya ukurasa, kwa wino mwingine: kipimo cha marudio kilipangwa Alhamisi, hakikufanyika, mtoto alizikwa Jumatano.

Kila chumba cha darasa, kila nyumba, kila mpaka ulikuwa na picha ya mtoto anayekufa kwa homa, na nchi nzima ilikuwa inawalinganisha watoto wazima naye.

Bwana Sihaba alimpokea adhuhuri. Alikuwa mtu mzima wa pekee katika Tuama ambaye Kalunde alimwona ametulia. Hakuchezea kalamu, hakugusa chai, hakupepesa macho ovyo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ukurasa huo nimeusoma, Fundi," alisema. "Aliusoma aliyenitangulia, na aliyemtangulia yeye. Tunakabidhiwa pamoja na funguo."

Kalunde alidhani hakusikia vizuri. Aliuliza mbona basi wamekaa kimya.

"Tumwambie nani? Umelala kwa Bi Upole siku nne. Nenda kamwambie yeye kwamba mwanawe hakuwa na neno. Kisha uwaambie wale wote aliowashonea. Baba zetu walikosea kwa nia njema. Sisi tukisema leo, tutakuwa tumewaua mama wa watoto hawa, nao wakiwa hai." Akaisogeza barua ya Kalunde mbele, taratibu. "Lakini watu wameanza kunong'ona. Wewe ni mgeni, huna upande, na muhuri wako unajulikana masoko yote. Gonga muhuri wako kwenye Kiti, kama unavyogonga mizani iliyo sawa. Mimi nitagonga barua yako. Leo hii mnavuka."

"Na nisipogonga?"

"Kesho saa mbili binti yako atakaa. Nimemwona akivuka uwanja. Mtungi hautafika nusu."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayesoma saa. Dirishani, chini uani, Nyamizi alikuwa amepiga magoti anawafuata sisimizi, akiruka nyayo nyeupe kila upande, na askari wawili walikuwa wamesimama wanamtazama. Mmoja alikuwa ameshika daftari.

Kalunde aligonga. Naam, aligonga, muhuri wa baba yake, juu ya mgongo wa Kiti, neno "sahihi" likakolea kwenye mti. Mimi simtetei na simlaumu. Mwenye mtoto wa miaka minane aseme mwenyewe angefanyaje. Alipotoka nje alimwita binti yake kwa sauti ya kawaida ili asimtie hofu.

Habari zilimtangulia. Gari la kipaza sauti lilipita mitaani likitangaza kwamba fundi wa kigeni amekagua Kiti na kukikuta hakina kasoro. Watu walimpungia mkono. Muuza mkaa alisimama mbele ya banda lake, akamwinamia kichwa kwa adabu, na nyuma yake mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa.

Pale mpakani, hatua chache kabla ya lango, Bi Upole alikuwa anawasubiri na kifurushi cha viazi vya kuchemsha, Tausi kando yake. Ofisa alikuwa akiipekua barua, akiitafuta tena kalamu yake. Bi Upole alimshika Kalunde mikono yote miwili.

"Nimekuja kukushukuru, dada. Hujui umenitua mzigo gani. Miaka minne nimekuwa nikijiuliza, pengine walimkosea. Pengine niliandika ndiyo pale ambapo ningeandika hapana. Lakini wewe umekagua, na huna sababu ya kutudanganya." Macho yake yalijaa machozi, akatabasamu. "Basi niambie kwa mdomo wako, nisikie. Kipimo ni sawa?"

Lango lilikuwa wazi. Ofisa alikuwa karibu kiasi cha kusikia akitaka. Neno moja tu lilihitajika, na Kalunde alikwisha kuligonga kwa muhuri, kulisema kungekuwa rahisi. Alimtazama Nyamizi, aliyekuwa ananing'inia kwenye mti wa kizuizi. Kisha akamtazama yule mama aliyeshona mishono midogo ili isikwaruze. Aliinama kama anayemkumbatia, akamwambia sikioni, maneno machache sana: yule wa kwenye picha alikuwa na homa, alikufa siku zile zile, nimekisoma kitabu, mwanao alikuwa mzima.

Bi Upole hakulia. Alibaki ameshikilia mabega ya Kalunde, na ofisa akainua kichwa.

"Amesema nini huyo?"

Nyamizi bado alikuwa upande huu wa lango.

"Anasema viazi ni vingi mno," Bi Upole alijibu. "Waache wapite, bwana, jua linawachoma."

Walipita. Kalunde alitembea bila kugeuka, amemshika Nyamizi mkono kwa nguvu hata mtoto akalalamika, mpaka kizuizi kiliposhuka nyuma yao. Ndipo akageuka.

Bi Upole alikuwa amepiga magoti palepale barabarani, mbele ya ofisa. Hakuwa na mkasi. Alilishika pindo la gauni la Tausi akalipeleka mdomoni, na kwa meno akaanza kukata uzi alioushona mwenyewe mara mbili. Mawe yalidondoka juu ya lami moja baada ya lingine. Ofisa alipiga kelele, akaanza kutafuta filimbi yake mifukoni. Askari walikuwa wanakimbia kutoka kwenye kibanda chao cha mbali. Bi Upole alimzungusha mtoto, akakata, akamzungusha tena, damu ikimtoka kwenye fizi, mpaka gauni likawa jepesi na upepo ukaliinua.

Tausi alisimama wima, mikono ubavuni. Bi Upole akamgeuza uso kuelekea kwenye kizuizi, ambako mtoto angeweza kupita chini yake bila hata kuinama sana, akamsukuma mgongoni.

"Kimbia, mwanangu. Kimbia!"

Tausi aligeuza kichwa akamtazama mama yake, kwa utii, kama alivyofundishwa.

"Hatua ngapi, mama?" aliuliza.